Finjani ya Seyyid

Ijumaa ya mwisho ya Oktoba mwaka jana tulimzika Bibi. Jumapili yake, siku ya kuanua matanga, finjani ya Seyyid ikatoka nyumbani kwetu Ilala, na sidhani kama itarudi. Nikikwambia kwamba hicho cha pili ndicho kinachonikereketa zaidi, utaniona sina adabu. Lakini mimi na wewe tumezoeana, sitakudanganya. Kifo cha Bibi nilikiona kinakuja, nikakilia, na mpaka leo nakilia nikiwa peke yangu. Finjani ile nikiikumbuka silii. Naona wivu.

Asubuhi ya Jumapili hiyo wanawake walikuwa uani wanakaanga kahawa. Moshi ule ukaingia mpaka chumbani, mchungu kidogo na mtamu kidogo, nami nikawa si mtu mzima tena. Nikawa mtoto wa Guangzhou, huko Uchina.

Tulikuwa tunakaa ghorofa ya kumi na moja, katika jengo la nyuma ya jumba la maduka la Tianxiu, mtaa wa Xiaobei. Miaka ile Waafrika walijaa pale kama siafu. Baba alikuwa wakala wa mizigo. Wafanyabiashara wa Kariakoo na wa Unguja wakinunua mali zao, yeye anazikusanya, anazipakia kwenye kontena, zinakwenda bandari ya Huangpu na kutoka hapo zinakuja huku kwetu. Mama alikuwa ameshafariki. Bibi, mama yake Baba, akaletwa kunilea, akageuka mpishi wa nusu ya Watanzania wa mtaa ule, kwa sababu wali wake wa nazi ulisikika mpaka kwenye lifti.

Shule sikusoma sana. Mwalimu wa Kikongo wa ghorofa ya sita alinifundisha hesabu na kusoma Kifaransa, na Kichina nilikiokota mwenyewe, kwenye lifti, kwa muuza tambi Mwislamu wa chini, na kwa wenye maduka waliokuwa wakisema "meiyou" kabla hujamaliza kuuliza, yaani hakuna. Nyumba yetu ilikuwa na sauti mbili. Moja ni utepe wa gundi wa kufungia maboksi, unavutwa krrr kutwa nzima sebuleni. Ya pili ni mashine za kupigilia nguzo nje, maana jiji lile lilikuwa linajengwa kama kwamba kesho kuna harusi. Mwezi wa tatu hewa ilikuwa nzito hata kuta zikatoka jasho, na kazi yangu ilikuwa kuzifuta kwa kitambaa ili maboksi ya watu yasilowe.

Kazi yangu ya pili ilikuwa kahawa. Wachina wa mtaa wetu walikunywa chai tu, kwa hiyo buni zililetwa na wafanyabiashara kutoka nyumbani, ndani ya masanduku, katikati ya nguo. Bibi alizikaanga kwenye karai la Kichina, mimi nikazitwanga na tangawizi, na saa kumi baada ya sala ya alasiri dele la kahawa lilikuwa limeshika moto. Wageni walikaa chini kwenye mkeka, mgongo kwenye maboksi. Bibi akaja na sinia. Kabla hajammiminia mtu yeyote, alimimina finjani moja nyeupe yenye mstari mwembamba wa dhahabu ukingoni, akaiweka kulia kwa sinia. Hiyo hakuna aliyeigusa. Wengine walikunywa, walicheka, walisimulia jinsi mwenye kiwanda alivyowapunja, na finjani ile ikabaki pale ikipoa. Watu wakiondoka, Bibi aliinua, akamwaga kahawa ile kwenye chungu cha mchungwa mdogo tulionunua mwaka mpya wa Kichina. Kisha akanipa mimi niioshe, maana mikono yangu ilikuwa midogo.

Finjani ile ilikuwa ya Seyyid, yaani Sultani, mfalme wa Unguja aliyeondolewa na Mapinduzi.

Baba yake Bibi alikuwa mpika kahawa katika kasri. Ukoo wetu ulitoka Hadhramaut zamani, watu waliokuja Unguja kutafuta riziki na kukaa, na riziki yenyewe wakaipata kwenye kivuli cha wafalme. Asubuhi ya Mapinduzi Seyyid alipanda meli na dele bado liko motoni. Mzee yule akaondoka na finjani moja mfukoni mwa koti. Jirani zetu wengi waliopenda wafalme walizika picha uani usiku huohuo na kesho yake wakaimba nyimbo mpya. Yeye hakuimba. Alifungwa kidogo, akatoka, akawahamishia watoto wake Dar es Salaam, na mpaka anakufa hakupata kusema neno baya juu ya bwana wake. Bibi alikuwa akilirudia neno lake: "Mtu hakani alikokula." Kwa hiyo kahawa ya kwanza ya kila siku ikawa ya Seyyid, Ilala, na baadaye Guangzhou, siku akirudi aikute.

Sasa nielewe, rafiki yangu. Mimi sikuwa na mama. Baba alikuwa mtu wa simu. Niliyekuwa naye ni Bibi, na Bibi alikuwa na mtu mwingine wa mbele yangu, mtu ambaye sikupata kumwona, asiyefuta kuta, asiyetwanga tangawizi, na bado alimiminiwa kwanza. Siku moja nilimuuliza, "Bibi, Seyyid akija atalala wapi?"

"Kitandani kwako."

"Na mimi?"

"Utalala chini, mwanangu. Kwani wewe utakufa kwa usiku mmoja?"

Alisema bila hata kufikiri, na mkono wake ukiendelea kuchambua mchele. Neno hilo nililibeba miezi.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mama wa Kikantoni, mfupi, sauti kama kengele. Mlangoni kwake aliweka vikombe vitatu vya chai na udi kwa ajili ya wazee wake waliokufa. Siku alipokuja kutazama bomba la jikoni aliiona finjani iko peke yake kulia kwa sinia, akainamisha kichwa kwa heshima, akaniuliza kama huyo ni marehemu babu yangu. Nikamfasiria Bibi. Bibi akapandisha sauti, "Mwambie hajafa! Mwambie ni mfalme wetu, yuko Uingereza!"

Nikamwambia. Mama yule akafikiri kidogo, akaniuliza kwa Kichina, "Kama hajafa, mbona hapigi simu?"

Nililifasiri neno hilo polepole, mara mbili, kwa furaha ambayo sikuweza kuificha.  Siku hiyo jioni Bibi hakunisuka nywele.

Mtu pekee aliyethubutu kuitania finjani ile alikuwa Komredi. Ndivyo wote walivyomwita. Alikuwa mzee wa Unguja, mrefu, mwenye koti moja la kijivu kwa misimu yote, akija Guangzhou mara kadhaa kwa mwaka kununua mikoba kwenye viwanda vya Shiling. Wakati wa Mapinduzi alikuwa kijana na bunduki begani, upande ule mwingine. Hilo hakulificha wala hakujisifia. Ikifika sikukuu ya taifa la Wachina na bendera nyekundu zimejaa mitaani, yeye na Bibi ndio watu wawili waliofurahi zaidi mtaani kwetu. Yeye kwa sababu nyekundu ni rangi ya wanamapinduzi, Bibi kwa sababu bendera ya Seyyid ilikuwa nyekundu tupu.

"Bi Mkubwa," Komredi alikuwa akisema, anakunja miguu mkekani, "bwana wako hajaja tu? Kahawa inapoa."

"Atakuja. Wewe hukualikwa na umekuja, itakuwa yeye?"

"Akija mwambie ana deni langu. Baba yangu amekwea mikarafuu mpaka ameanguka. Hiyo dhahabu ya ukingoni hapo ni mgongo wa baba yangu."

"Na nyumba ya baba yangu anakaa nani sasa? Hebu kunywa, Komredi, usinitapishe."

Watu walicheka, na wao wenyewe walicheka, lakini nilikuwa nikiangalia macho yao, hayakuwa yakicheka sana. Hata hivyo, Komredi asipofika siku mbili Bibi alianza kuuliza, "Yule adui yangu kaumwa?" Hilo nalo nililionea wivu. Mimi nikiwa na homa hakuna aliyeuliza, kwa sababu nilikuwa nipo.

Basi siku moja, mwezi wa tano, mvua zinapiga madirisha, Baba alikuwa akizungumza kwenye simu mlangoni huku anavaa viatu. Akasema, "Ndiyo, Sultani anashuka kesho asubuhi. Kesho alasiri nitamleta nyumbani, mama atampikia." Akakata simu, akaondoka kwenda Huangpu ambako kontena lilikuwa limekwama.

Nilimwona Bibi amesimama jikoni na mwiko mkononi. Uji ulikuwa unamwagikia jiko. Hakulizima.

"Umesikia alivyosema baba yako?"

"Nimesikia."

"Usimwambie mtu."

Wewe utasema, mwanamke mzima, atawezaje kuamini? Lakini miaka ile Guangzhou walikuja watu wa kila namna. Mawaziri walikuja kwenye maonyesho, mashehe walikuja kununua marumaru za misikiti. Kila mtu duniani alikuwa na sababu ya kufika pale. Na mtu aliyemimina kahawa maisha yake yote akimngoja mtu, siku akiambiwa anakuja, haulizi. Mimi pia niliamini. Niliamini kuliko yeye, kwa sababu niliogopa.

Alifua mapazia. Alinituma dukani nikanunue shuka mpya, nyeupe, na nilipomuuliza za nani akasema, "Unajua za nani." Akatandika kitanda changu kwa shuka zile, akazinyoosha kwa kiganja mpaka hazina hata mkunjo. Nguo zangu na mdoli wangu akavitia kwenye boksi tupu la viatu vya kiwanda, akalisukuma chini ya meza. Kisha akafukiza udi. Akavaa kanzu aliyokuja nayo kutoka nyumbani ambayo sikupata kumwona ameivaa, akapaka wanja. Rafiki yangu, Bibi alikuwa mzuri. Sikujua. Miaka yote tuliyokaa naye hakuwa amejipamba kwa ajili yangu hata siku moja. Nilikaa chini ya meza karibu na boksi langu, nikamtazama anazunguka, na nikamchukia mfalme yule kwa moyo wote wa mtoto.

Alasiri ikafika. Komredi alikuwa ametangulia, yuko mahali pake mkekani, pamoja na wanunuzi wawili wa Kariakoo. Aliziona nguo za Bibi, akafungua kinywa atanie, akakifumba.

Mlango ukafunguliwa. Baba akaingia, na nyuma yake kijana mnene mwenye mkufu shingoni na simu mbili.

"Mama, huyu ndiye Sultani," Baba akasema. "Mteja wangu mpya."

"Shikamoo Bibi! Kumbe msosi wote wa Guangzhou uko huku! Udi mpaka kwenye lifti, nikasema hapa kuna bwana harusi."

Bibi aliutazama mkufu, akazitazama simu. Akauliza, taratibu, "Wewe ndiye Sultani?"

"Ndiyo mimi, Bibi. Sultani wa mikoba. Muulize laoban yeyote pale Shiling, bosi gani hanijui?"

Wanunuzi wakacheka. Baba naye akacheka. Bibi alikuwa ameshika sinia kwa mikono miwili, anatazama mlangoni nyuma ya kijana yule, kama kwamba kuna mtu mwingine bado yuko kwenye lifti. Mimi chini ya meza nilielewa. Niliangalia mkekani nikaona mtu mwingine mmoja tu aliyeelewa. Komredi alikuwa ameinuka nusu.

Bibi akaiweka sinia chini. Akamimina finjani ya kwanza, akaiweka kulia, kama siku zote. Na yule kijana, mgeni wa siku, akaona ni yake. Nani asingeona ni yake? Akanyoosha mkono.

Komredi akaudaka mkono ule hewani.

"Hiyo ina mwenyewe."

"Ya nani, mzee? Si mimi ndiye mgeni?"

"Ina mwenyewe, nimekwambia. Hayupo." Alikuwa bado amemshika. "Mimi nimempinga mtu huyo tangu sijaota ndevu. Sikuyafanya yale ili mtoto wa Kariakoo aje kunywa kahawa yake."

Nje nguzo zinapigiliwa. Kijana akaurudisha mkono, akasema samahani wazee, sikujua. Na hakuwa na kosa. Bibi alimtazama Komredi. Halafu akainua finjani ile kwa vidole vitatu, kama kawaida yake, akampelekea.

"Kunywa wewe."

"Bi Mkubwa, mimi?"

"Kunywa. Hawa wote wanaona kikombe. Wewe peke yako hapa unajua ni cha nani."

Komredi akasimama wima kabisa. Akanywa kwa mara moja.

"Vipi?" Bibi akauliza.

"Chungu."

"Ndivyo alivyopenda."

Hapo watu wakacheka, na Bibi akacheka, akajifuta wanja kwa ncha ya mtandio, na chakula kikaliwa. Hakuna aliyenitazama. Lakini mimi nilijua ni ya nani! Mimi ndiye niliyeiosha kila siku, niliyeujua ule mstari wa dhahabu mahali ulipokatika, niliyetwanga kila punje iliyotiwa humo. Komredi alimpiga vita mwenye finjani na akaipata. Mimi niliitumikia na sikuipata. Tangu siku ile sikuwa na wivu na mfalme tena. Wivu wote nikauhamishia kwa Komredi.

Usiku Bibi aliniambia nikalale kitandani kwangu. Shuka zilikuwa baridi na laini. Nilizilalia nikijua hazikutandikwa kwa ajili yangu.

Kesho yake kahawa ya kwanza ilirudi kuwa ya Seyyid, ikapoa, ikamwagwa kwenye mchungwa. Komredi hakupewa tena wala hakuomba. Baadaye vibali vya kukaa vikawa vigumu, wafanyabiashara wakapungua mmoja mmoja, tukarudi Dar es Salaam. Mchungwa tulimwachia mama mwenye nyumba. Siku hizi watu wanaagiza mikoba kwa simu, hawahitaji kumjua wakala, wala mkeka wake, wala mama yake. Nimesikia jengo letu limepakwa rangi mpya na madirisha yale yamebadilishwa. Harufu ya buni kwenye lifti nadhani ilitoka wiki ile ile tuliyoondoka.

Nilikua, nikaolewa, nikarudi kwa Bibi alipoanza kuugua. Nilimuuguza mimi. Miaka mitatu nilimmiminia Seyyid kahawa kwa mkono wangu, Bibi akiwa amelala ananitazama nisikosee upande. Nilidhani zamu yangu imeshafika. Jumamosi, siku ya pili ya matanga, Baba akaniita kando, akaniambia mama yake alimwachia neno moja tu juu ya vitu vyake: finjani apewe Komredi.

Alifika Jumapili kwa boti ya asubuhi. Amekuwa mzee sana, amepinda, koti lilelile la kijivu au ndugu yake. Alimpa Baba mkono wa pole, akaomba dua, akakaa kwenye kiti cha plastiki uani. Nikaitoa finjani kabatini. Chombo hakiendi kwa mwenyewe kitupu, kwa hiyo niliijaza kahawa, nikampelekea kwa mkono wa kulia.

Aliipokea, akaiweka chini upande wake wa kulia, akaendelea kuzungumza na Baba. Nilisimama pale. Kahawa ikatoa moshi, moshi ukakatika, ikapoa. Akainama kwa shida, akaimwaga mchangani.

"Siku ile uliinywa," nikamwambia. Sikuweza kujizuia.

"Niliamriwa, mwanangu. Mimi ni mtu wa amri." Akanitazama. "Bibi yako aliniambia kwenye simu, kabla hajazidiwa. Akasema, yule mtoto ana wivu, usimwachie. Siku ya kwanza tu atainywea."

Nilitaka kukataa. Sikuweza, kwa sababu ni kweli. Ningeinywea hata kabla matanga hayajaanuliwa.

Alitoa leso, akaifunga finjani, akaitia mfukoni mwa koti. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nimemshika kiwiko. Nilingoja labda atabadilisha neno. Hakubadilisha. Akapanda bajaji, mkono mmoja juu ya mfuko. Nikarudi uani, nikazikusanya finjani nyingine zote, nikaziosha.